Niliunganisha maziwa ya kwanza ya mke wangu kama katoni nusu za stoo

Habari za majukumu wakuu. Wenye ndoa, wanaotafuta, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like, wote nawasalimu.

Hii sio chai. Mke wangu amekaa hapa pembeni ananyonyesha, na kila nikimaliza aya namsomea. Pale nilipojipendelea amenifanya nifute, kwa hiyo mnachosoma kimeshapita kwa mkaguzi.

Nijitambulishe kidogo ili mnielewe.

Mimi ni mtu wa Machame, nina fremu Kariakoo, nauza vyombo vya plastiki na hotpoti kwa jumla. Tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Kutoka nyumbani hadi dukani natembea kwa mguu. Mke wangu hapa nitamwita Mama Glory, maana Glory ndiye mtoto wetu wa kwanza na sasa ana miaka minne. Majina nimebadilisha, wanaotujua watulie.

Sasa lazima nianze na Glory, bila hivyo hamtaelewa kwa nini mama yake alilia vile.

Mimba ya Glory ilikuwa na kisukari cha mimba, na kiligundulika mwishoni kabisa. Kwa wasiojua: kuna wanawake sukari inapanda wakiwa wajawazito tu. Shida inakuja kwa mtoto. Kule tumboni amezoea sukari nyingi, mwili wake umeshajifunza kuishusha kwa nguvu. Akizaliwa, ile sukari ya mama imekatika, ila mwili wake bado unashusha tu. Saa za mwanzo sukari yake inaweza kudondoka vibaya, na wakisema hatari wanamaanisha ubongo.

Haya yote nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa najua bei ya beseni.

Glory alizaliwa, sukari ikashuka, wakamkimbiza wodi ya watoto wachanga. Dripu, maziwa ya kopo. Siwalaumu hata kidogo, walimwokoa mwanangu. Lakini mama yake alikaa siku tatu upande mwingine wa jengo, maziwa hayajashuka, na alipokuja kukabidhiwa mtoto, mtoto hataki ziwa. Akimweka anageuza shingo na kulia mpaka anakuwa mwekundu.

Walihangaika wiki kadhaa. Mwisho ikawa kopo moja kwa moja.

Watu nao hawakumwacha. Ndugu zangu wa kike walikuwa wakija kumwona mtoto wanamuuliza, "Kwani maziwa yako yana nini?" Mimi nikawa naona ni mambo ya kawaida. Mtoto anashiba, ananenepa, tatizo liko wapi? Na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti, mbele yake, wakuu.

Basi, mimba ya pili ikaingia.

Safari hii sukari ikaonekana mapema. Chakula kikabadilika, ugali ukawa wa kupimiwa, soda ikawa marufuku hata kwangu. Kliniki anayohudhuria kuna Sista mmoja mtu mzima, mpole ila hapendi kurudia maneno. Alipoisoma kadi yake na kusikia habari za Glory, akamwambia kitu ambacho mimi sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe.

Alimwambia wiki ya thelathini na sita ikiisha aanze kukamua maziwa ya kwanza kwa mkono. Kidogo kidogo, anayagandisha. Mtoto akizaliwa, akishuka sukari au akiwa mzito wa kunyonya, wanampa ya mama yake kwanza kabla ya kukimbilia kitu kingine.

Akampima kwanza akaona kwake hakuna shida ya kukatazwa. Akamwambia pia, tumbo likianza kukaza aache mara moja aende hospitali.

Jioni nimerudi dukani, Mama Glory ananieleza huku macho yanang'aa. Nikamuuliza swali la kijinga kabisa.

"Maziwa kabla ya kuzaa? Yanatoka wapi?"

Akacheka. "Yapo zamani, Baba Glory. Ya njano, mazito. Hujawahi kuyaona kwa sababu hujawahi kuangalia."

Ndio haya maziwa ya kwanza ambayo wengine wanaita dang'a. Kuna mitaa hadi leo utasikia ni machafu, yakamuliwe yamwagwe mpaka yaje meupe. Kumbe ndio yenyewe yenye kinga.

Nikampigia mama yangu kule Machame, maana alikuwa ajiandae kuja kulea mzazi. Na yeye akashangaa kivyake. "Mnamkamua kabla mtoto hajafika? Si mtamwishia mwenzenu?" Tukampelekea Sista swali hilo, jibu lilikuwa fupi kwamba hayaishi, yakitoka yanatengenezwa mengine.

Kazi ikaanza.

Asubuhi akishaoga na jioni kabla ya kulala, Mama Glory anajifungia chumbani. Ana vibomba vidogo vya plastiki visivyo na sindano, vile vya kumnyweshea mtoto dawa. Akipata kitu anafunika, anabandika karatasi ya tarehe, anakiweka kwenye kimfuko chake, anapeleka kwenye friza. Friji yetu ni ya kawaida, friza yake ni kile kichumba cha juu tu.

Siku ya kwanza alinionyesha. Nikakiinua kibomba kwenye taa. Palikuwa na mstari wa njano ambao hata kijiko cha chai usingelowesha vizuri.

"Mama Glory, hii ni sampuli au mzigo?"

Hakucheka. Akanijibu taratibu kwamba tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo sana, matone yanatosha. Nikasema sawa, nikageukia simu yangu, nilikuwa na mteja wa Mtwara anasubiri picha za ndoo.

Hivyo ndivyo nilivyoshiriki kwa wiki mbili. Yeye anaingia chumbani, mimi nipo na simu sebuleni.

Sasa tufike kwenye ile Jumapili.

Jumamosi nilikuwa nimepita Feri nikachukua samaki wa maana. Vipande vya jodari na changu wakubwa, nikijua mama anafika Jumanne na nyumba itakuwa na wageni. Wakalala kwenye friji ya chini. Jumapili Mama Glory na Glory wakaenda kanisani, mimi nikabaki, wiki ilikuwa imenichosha. Nikasema ngoja niwapandishe samaki kwenye friza kabla hawajaharibika.

Friza imejaa.

Naangalia kilichojaza ni nini, nakuta mfuko wa vibomba. Navitoa nahesabu, kumi na saba. Kila kimoja kwenye kimfuko chake, na kila kimoja kina kidogo tu chini. Kingine nusu, kingine robo, kingine matone mawili matatu yameganda pembeni.

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu sisi watu wa stoo.

Kariakoo nafasi ndio kila kitu. Stoo yangu ni chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sheria yangu, na wote ninaofanya nao kazi wanaijua, ni kwamba katoni nusu hailali. Jumamosi kabla hatujafunga, tunaunganisha. Bakuli za katoni hii zinahamia ile, mpaka ijae, tunaziba, tunaandika kalamu kubwa, tunapanga. Jirani zangu wananitania kwamba hata usingizini naunganisha.

Kwa hiyo kuona vyombo kumi na saba vimekaa nusu nusu, mikono iliniwasha. Kiukweli nilimhurumia mke wangu. Nikasema huyu hajui kupanga mzigo, ngoja nimsaidie.

Nikachemsha maji. Nikachukua kichupa kipya cha mtoto, cha kutoka dukani kwangu mwenyewe, nikakichemsha vizuri, maana usafi nao naujua. Vibomba nikaviweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka vikayeyuka vyote. Nikaanza kusukuma kimoja kimoja ndani ya kichupa. Kila kibomba kinabaki na kidogo kimenata pembeni, nikasema potelea mbali.

Kumi na saba vyote, na kichupa hakikufika hata mstari wa kwanza. Hapo ningetakiwa kujiuliza kitu. Sikujiuliza. Nikakifunga, nikachukua kalamu nikaandika JUMLA, nikakirudisha kwenye friza. Vibomba nikavitupa kwenye ndoo ya taka. Samaki wakaenea vizuri kabisa.

Nikakaa sebuleni nasubiri kushukuriwa. Kweli tena.

Wamerudi, Mama Glory akaenda kutoa maji ya baridi. Nikasikia anafungua friza, halafu sauti.

"Baba Glory, vibomba vyangu viko wapi?"

"Nimekuunganishia. Angalia kichupa hapo pembeni."

"Umeviyeyusha?"

"Sasa vingeunganaje vikiwa barafu?"

"Halafu ukarudisha kwenye friza?"

"Ndiyo."

Nikasikia anakaa. Nilipofika jikoni alikuwa chini sakafuni, na gauni lake la kanisani, tumbo mbele, mgongo kwenye kabati. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, ningepata pa kujitetea. Alikuwa analia bila sauti, mabega ndiyo yanatikisika.

Nikamwambia, "Mama Glory, maziwa si ni yaleyale? Yapo hapa."

"Yakishayeyuka hayarudi kwenye barafu. Ni ya kutumia hapo hapo. Sista alisema." Akafuta uso na mkono. "Na mtoto hazaliwi leo."

Nikasimama na kile kichupa mkononi. Nilianza kuelewa, ila nusu tu.

Kesho yake sikufungua duka mpaka mchana. Nikapakia kichupa kwenye hotpoti lenye barafu, nikaenda naye kliniki. Moyoni nilikuwa na matumaini Sista atasema hamna shida, watu wana wasiwasi tu.

Nikamsimulia yote. Akakitoa kichupa, akasoma nilichoandika. Akaniangalia.

"Baba, wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza vyombo, Sista. Kariakoo."

"Nimeona." Akakirudisha kwenye barafu. "Haya hayafai kwa mtoto mchanga. Yamekaa kwenye joto, yamehamishwa chombo, yamegandishwa mara ya pili. Kayamwageni."

Mke wangu aliangalia chini. Sista akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa, magoti yanagusana.

"Mama, nisikilize. Una siku nane mpaka siku ya kuanzishiwa uchungu. Utakachopata kitatosha kuanzia. Na hata ukienda bila tone, mtoto atawekwa kifuani kwako mapema, atajaribu ziwa, na sukari yake tutaipima. Hatutamwacha. Yaliyotokea kwa mwanao wa kwanza hayakuwa kosa lako. Umenielewa?"

Mama Glory akaitikia kwa kichwa. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo. Miaka minne, na mimi mumewe sikuwahi.

Halafu Sista akanigeukia mimi. "Na wewe baba, jioni usiwe na simu. Utakuwa unamshikia kibomba."

Akatupa vibomba vipya na akanionyesha kwenye mkono wake jinsi inavyofanyika, kidole gumba juu, vidole viwili chini, unarudisha nyuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Huburuzi vidole kwenye ngozi. Mashine akakataa kabisa kabla ya kujifungua, akasema mkono tu.

Nyumbani nilimwaga mwenyewe kwenye sinki. Mama Glory alikuwa chumbani na mlango amefunga. Niliona aibu wakuu, aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokamatwa na mama naiba sukari nikiwa mdogo.

Jioni ile nikakaa chini mbele yake kwa mara ya kwanza. Taulo la uvuguvugu, akajikanda taratibu, akaanza kukamua. Mimi nimeshika kibomba.

Hakuna kitu.

Dakika tano, kumi. Hakuna. Akabadilisha upande, hakuna. Akasema tu, "Tuache." Kesho yake asubuhi vilevile. Mchana vilevile. Sista alituambia mawazo yakizidi maziwa yanagoma kushuka, kwa hiyo mtu ana maziwa ila hayatoki, na kadiri anavyohofia hayatoki ndivyo yanavyozidi kugoma. Mimi nikawa najua hofu hiyo aliyeileta ni nani.

Jumanne mama akafika kutoka Machame na ndizi zake. Alifungua mlango wa chumba bila kubisha hodi, wamama wetu mnawajua, akanikuta nimepiga magoti na kibomba mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, unafanya nini hapo chini?"

"Tunakamua, mama."

Nikajua leo nimepatikana. Akaweka ndizi chini. Halafu akasema, "Baba yako hakuwahi kunichotea hata maji ya kuoga," akafunga mlango, akaenda jikoni kupika mtori. Mtori wenyewe ukawa wa kupimiwa kwa ajili ya sukari, na aliupima bila kubisha.

Sijui ni mama kufika, sijui ni kucheka, maana Mama Glory alicheka mpaka akashika tumbo. Ila jioni ile tone la kwanza likaja.

Tone lenyewe linatokea kama jasho. Linakaa pale kidogo, halafu linaanza kuteremka, na ukichelewa limepotea kwenye nguo. La kwanza nililikosa. La pili likaangukia kidole changu. La tatu nikalidaka na ncha ya kibomba, nikavuta taratibu, nikabana pumzi kabisa.

Tulikaa pale mpaka mgongo ukaniuma, tukapata mstari ambao wiki mbili nyuma ningeuita sampuli.

Hapo ndipo nilipoelewa ile nusu iliyobaki. Yale yaliyonata kwenye kuta za vibomba, yale niliyosema potelea mbali, kila kimoja kilikuwa ni hivi. Asubuhi na mapema, na tumbo zito, peke yake, huku mume yuko sebuleni anauza ndoo. Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimeshaisema mara nyingi tangu Jumapili, lakini ile ndiyo niliyokuwa najua naombea msamaha kitu gani.

Mpaka siku ya kwenda hospitali tulikuwa na vibomba vinne. Vinne tu.

Uchungu ulianzishwa, na mtoto akazaliwa saa nne asubuhi. Wa kiume, mzito, mwenye mashavu. Mimi nilikuwa kwenye korido na hotpoti langu la barafu, kati ya wanaume wengine wenye mifuko ya khanga na chupa za uji.

Nesi akatokea mlangoni, hana muda. "Baba mwenye maziwa ni nani?"

Korido nzima ikageuka. Nikasimama na hotpoti langu. Kuna mzee mmoja wa Magomeni nilikuwa nimepiga naye stori, akanipigapiga mgongoni, akasema, "Nenda mwanangu, nenda."

Nikavalishwa gauni, nikaingizwa nyuma ya pazia. Mtoto yuko kifuani kwa mama yake, amefunikwa, amelala fofofo. Wamejaribu kumweka ziwani, hafungui mdomo. Wamemtoboa kisigino wamepima, sukari iko chini.

Nikampa nesi kibomba cha kwanza. Akakiyeyusha kwenye kiganja, akamwekea mtoto ndani ya shavu tone kwa tone. Akameza. Cha pili. Akameza. Wakasubiri, wakapima. Imepanda kidogo. Nilitaka kupiga makofi.

Cha tatu, cha nne. Wakasubiri tena, wakapima tena.

Imeshuka.

Daktari, dada mdogo tu lakini makini, akaongea kwa upole. "Mama, tutapima mara moja zaidi. Isipopanda, tunampeleka wodi ya watoto tumwekee dripu. Sawa?"

Ilikuwa lugha ileile ya siku ya Glory. Mama Glory aliangalia lile hotpoti tupu, halafu akaniangalia mimi.

Wakuu, nimetukanwa na wateja, nimedhalilishwa mbele za watu hapo Kariakoo, ila hakuna kilichowahi kuniumiza kama mke wangu kuniangalia vile. Kumi na saba. Nilijua anahesabu, na mimi nilikuwa nahesabu.

Nikamwambia nesi, "Dada, naomba kibomba kitupu."

Mama Glory akajaribu kukamua. Mkono mmoja una sindano ya dripu, mwingine umemshika mtoto, na vidole vyote havina nguvu baada ya kazi aliyoifanya usiku kucha. Haiwezekani. Nikamuuliza, "Nikamue mimi?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikanawa mikono. Gumba juu, vidole viwili chini, rudisha nyuma, bana, achia. Nesi ndiye akashika kibomba. Nilikuwa naomba kimoyomoyo huku nabana na kuachia, na sikujali nani ananiona.

Likaja tone. Halafu lingine bila kungoja la kwanza lidakwe. Yalikuwa yanakuja upesi kuliko nyumbani. Nesi akajaza kibomba, akampa mtoto. Akajaza kingine. Kwenye hicho cha pili mtoto akaanza kulamba midomo, akageuza kichwa, akafungua mdomo mkubwa kama anapiga miayo.

"Haya, haya, mlete," nesi akasema, akamsogeza.

Akashika ziwa.

Mama Glory akashtuka, akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni mpaka kwenye masikio. Mimi bado nimesimama na mikono hewani, sijui niiweke wapi.

Wakapima. Imepanda. Wakaacha anyonye, wakaja kupima tena baadaye. Imekaa palepale. Daktari akaandika kwenye faili, akasema maneno matatu tu: "Anabaki na mama."

Nikatoka koridoni nikaegemea ukuta, nikalia. Wale wanaume wakadhani nimepata msiba, wakanizunguka kunipa pole. Nilishindwa hata kuwaeleza.

Nimalizie na hili, maana ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Juzi mtoto ametimiza wiki tano. Ananyonya, na mama yake ndiye kiwanda. Nikamuuliza Mama Glory swali nililokuwa naliogopa, kama bado ana hasira na ile Jumapili.

Akasema, "Ya kuunganisha ilishapita, ulikuwa hujui. Kilichoniuma ni kingine. Wiki mbili nzima nilikuwa naingia chumba hiki asubuhi na jioni, na hukuwahi kuniuliza hata siku moja yanatokaje."

Nikampokea mtoto nikamcheulisha.

Kwa hiyo ndugu zangu wanaume, mimi nilichojifunza ni hicho. Uliza. Ingia chumbani, kaa chini, uliza. Ningeuliza siku ya kwanza tu, wala nisingegusa kile kimfuko.

Na kwa akina dada wajawazito, msianze kukamua kwa sababu mmesoma huku. Si kila mjamzito anaruhusiwa, na wengine inaweza kuwaletea uchungu kabla ya wakati. Muulizeni mhudumu wenu wa kliniki, atawaambia kama inawafaa na kuanzia lini. Na yakishayeyuka, jamani, hayarudi kwenye friza.

Wenye kunichamba karibuni, nimejiandaa. Ila ninaowangoja zaidi ni nyie mliowahi kugomewa na maziwa, au mtoto akakataa ziwa, mkaambulia maneno ya watu. Andikeni ilikuwaje, hata kwa mistari miwili. Mama Glory ndiye atakayesoma komenti zote leo. Miaka minne alidhani ni yeye peke yake.